Kiti cha Kekele Kinatoka Wapi?

Watoto, tazameni kiti cha wageni kule barazani kwenu, au kwa jirani. Pengine ni kiti cha kekele. Miguu yake ni minene kama kidole gumba cha mtu mzima, mgongo wake umepindwa kama upinde, na kila kiungo kimefungwa kwa nyuzi pana zinazong'aa. Watu wa pwani wanaiita kekele kwa jina la henzerani. Sisi wa Kisangani tunasema kekele, na katika somo hili tutasema kekele.

Mnakalia kiti hicho siku zote. Je, mnajua kimepita katika mikono ya watu wangapi kabla ya kufika kwenu? Siku moja niliwauliza wanafunzi wa darasa la sita swali hilo. Wakajibu wote pamoja: « Wawili, Frère! Fundi na mnunuzi. » Basi Alhamisi tukafunga vitabu, tukachukua maji na mihogo ya kuchemsha, tukashika njia ya msituni.

Msituni

Msitu wa Masako uko kwenye barabara ya zamani ya Buta, kilometa 14 kutoka Kisangani. Mto Tshopo unauzunguka kama mkono wa mama aliyempakata mtoto. Mwaka 1953 serikali ya wakati ule iliutenga msitu huu ili usikatwe ovyo. Ukubwa wake ni hektari 2105. Hektari moja ni kiwanja chenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 100. Walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani huja hapa kusoma habari za miti, za ndege, na hata za panya. Mtoto mmoja alicheka sana aliposikia kwamba mtu mzima anaweza kupata cheo kikubwa kwa kusoma panya wa Masako. Mimi sikucheka. Panya wanakula mbegu, na wengine wanazibeba na kuzificha. Asiyewajua panya hawezi kujua vizuri miti inavyoota.

Pembeni mwa msitu uliotengwa kuna mashamba, kuna vichaka vilivyoota mahali pa mashamba ya kale, na kuna vipande vya msitu wa wenyeji. Huko tulimkuta mzee mmoja mkata kekele. Alikuwa ameketi juu ya gogo, ananoa panga.

« Shikamoo, Mzee. »

« Marahaba, wanangu. Mmekuja kunisaidia kuvuta? »

Kwanza alitufundisha jambo ambalo mimi mwenyewe nililisoma katika vitabu bila kuliona. Kekele si mti, wala si kamba ya porini kama kamba nyingine. Ni ndugu wa mchikichi! Angalieni majani yake, namna yalivyopangwa pande mbili. Lakini mchikichi husimama kwa nguvu zake, na kekele haiwezi kusimama peke yake. Ni lazima imshike mwingine. Ncha ya jani lake ni kama mjeledi mrefu wenye miiba iliyoelekea nyuma, mfano wa ndoana. Upepo unapotikisa mjeledi huo, ndoana zinashika tawi la mti, na hazitaki kuachia. Hivyo kekele inapanda polepole kutafuta jua, mpaka inapita vichwa vya miti mingi.

Kuna kekele nene, ya kufanyia miguu na mbavu za kiti. Kuna kekele nyembamba, ya kupasua na kufungia. Bila ile ya kwanza kiti hakisimami; bila ile ya pili kinaachana.

Mzee alikata shina karibu na ardhi, akaanza kuvuta. Likashuka kidogo, likakwama. Akavuta tena. Wavulana sita wakamsaidia, na ghafula shina likaja pamoja na tawi bovu, majani makavu na siafu wengi. Tulikimbia wote, na mimi na kanzu yangu nilikuwa wa kwanza. Mzee peke yake hakukimbia. Alisogea hatua tatu tu kando, kwa sababu kabla ya kuvuta alikuwa amekwisha tazama juu. Baadaye alivua ganda la miiba kwa kuligonga na kulisugua, akatupa sehemu ya juu iliyo laini bado, akakata iliyobaki vipande vya urefu mmoja, akafunga mzigo.

Msichana mmoja akamwonyesha: « Mzee, umesahau hizi. » Kwenye kichaka kilekile yalikuwapo machipukizi mengine matatu, mabichi.

Mzee akasema, « Sikusahau. Mtu hachinji kuku pamoja na vifaranga. Shina hili limezaliwa chini pamoja na wenzake. Nikimkata mkubwa na kuwaacha wadogo, nitarudi hapa. Nikikata wote, nitarudi kufanya nini? »

Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba wako vijana wanaokata wote, na kwamba yeye mwenyewe, alipokuwa kijana, alikuwa akipata mzigo kabla umande haujakauka. Sasa anatembea nusu ya siku.

Tulipokuwa tunarudi tuliona moshi. Tukauendea. Baba mmoja na mkewe walikuwa wanalinda tanuru ya makala. Tanuru yenyewe ni kitu cha kutazamwa. Magogo yamepangwa karibu karibu, yamefunikwa kwa majani mabichi, na juu ya majani umewekwa udongo. Moto umetiwa ndani kwa tundu dogo. Kwa nini udongo? Kwa sababu kuni zikipata hewa nyingi zitaungua na kuwa majivu. Zikipata hewa kidogo tu, maji na moshi vinatoka, makala yanabaki. Mwenye tanuru anausoma moshi kama ninyi mnavyosoma kitabu. Moshi mzito na mweupe: maji yanatoka bado. Moshi mwembamba wa rangi ya samawati: karibu. Ufa ukitokea juu ya udongo usiku, ni lazima aamke auzibe upesi. Akilala, asubuhi hana makala. Kazi hii inachukua siku nyingi, na hata wiki kama magogo ni makubwa.

Sasa sikilizeni hesabu hii. Katika kilo 100 za kuni kavu, tanuru ya udongo ya namna hii inatoa kilo kati ya 10 na 20 tu za makala. Nyingine yote imekwenda na moshi. Basi gunia moja mnaloliona kwenye baiskeli limekula kuni nyingi sana.

Mvulana mmoja hakuweza kunyamaza. « Baba, ukikata miti, kekele ya Mzee itashika nini? »

Nilifikiri yule baba atakasirika. Hakukasirika. Alituonyesha watoto wake wawili waliokuwa wanaokota makala madogo kwa kikapu, akasema, « Wewe, mwanangu, kule nyumbani mama anapikia nini? » Mvulana akainamisha kichwa. Nyumbani kwao wanapikia makala. Hata katika jiko la nyumba yetu ya mafrère wanapikia makala.

Tena msitu una mambo ya ajabu. Mahali ambapo miti imeangushwa na jua limeingia, hapo huota kwa wingi yale majani mapana ya ngongo. Akina mama wanayachuma, wanayafunga mizigo, wanayapeleka sokoni. Mihogo ikiisha kulowekwa majini siku kadhaa ili sumu yake itoke, ikatwangwa, inafungwa ndani ya majani hayo na kupikwa iwe kwanga. Pasipo ngongo hakuna kwanga ya kubeba safarini. Kwa hiyo pigo la mkata kekele ni faida ya mchuma majani. Msiseme upesi kwamba fulani ni mtu mbaya na fulani ni mwema.

Mjini

Wiki iliyofuata tukaenda mjini kwa mafundi wa kekele. Wanakaa kando ya barabara, mmoja hapa, wa pili palepale, wa tatu anayefuata, kila mtu chini ya kibanda chake. Viti vimepangwa mbele, na vitanda vya watoto, rafu za vitabu, vikapu.

Fundi anaanza kwa kukausha. Kekele mbichi imejaa maji. Ikifanyiwa kazi hivyo, kiti kitaota ukungu, na wadudu watatoboa. Kisha anaikwaruza kwa kisu mpaka inakuwa laini. Kupinda ndiko kugumu. Anaipitisha juu ya moto akiigeuzageuza, anaisikiliza kwa mikono, na inapolegea anaipinda palepale na kuishika mpaka ipoe. Akizidisha moto inaungua, akipunguza inavunjika. Mwanafunzi wake, kijana wa miaka kama kumi na saba, alituambia kwamba alivunja vipande kwa miezi mitatu kabla ya kupinda kimoja vizuri. Baada ya hapo wanapigilia misumari, wanapasua kekele nyembamba, na kwa nyuzi zake wanafunga kila kiungo ili msumari usionekane na mguu usitikisike.

Msichana yule mwenye macho makali akauliza: « Baba fundi, kwa nini mmekaa pamoja hivi? Hamnyang'anyani wanunuzi? »

Fundi akacheka. « Tunanyang'anyana kila siku! Lakini mtu anayetaka kiti anajua aje hapa. Nikienda kukaa peke yangu, nani atanijua? Mwenye baiskeli ya kekele naye anajua mahali pa kushusha mzigo. Msumeno wangu ukivunjika, naazima kwa huyu. Na hoteli ikiagiza viti thelathini, mimi peke yangu siwezi, tunagawana. »

Watoto, jibu hili si la Kisangani tu. Katika nchi ya Kenya, huko Kisii, kuna mahali panapoitwa Tabaka. Vilima vyake vina jiwe laini linalokatika kwa kisu, na jamaa nyingi huchonga sahani, wanyama na sanamu, kwa sababu jiwe liko mlangoni mwao. Katika mji wa Nairobi, mahali panapoitwa Kamukunji, mafundi wa mabati wanagonga masanduku, majiko na mapipa, mmoja ubavuni mwa mwingine, na kelele zake mtu huzisikia kabla hajafika.

Mbali zaidi, katika India ya Kaskazini, karibu na mji wa Agra, uko mji wa zamani wa Firozabad. Kazi yake ni bangili za kioo. Ajabu yake ni kwamba hakuna mtu mmoja anayefanya bangili nzima. Kiwandani wanayeyusha kioo katika tanuru kubwa na kukivuta kuzunguka fimbo kama uzi mwekundu wa moto. Wanakikata, na kinakuwa mapete ambayo ncha zake hazijaungana. Mapete hayo yanabebwa mpaka majumbani. Katika nyumba moja wananyosha. Katika nyumba ya pili wanaunga ncha juu ya mwali mdogo wa moto. Katika nyumba nyingine wanapaka rangi na nakshi. Bangili inayovunjika kwa sauti ndogo mkononi mwa bibi harusi imepita katika mikono mingi kuliko kiti chetu.

Nawaeleza habari ya Firozabad kwa sababu nyingine pia. Matanuru yake yaliunguza makaa ya mawe kwa miaka mingi. Karibu na hapo, huko Agra, kuna jengo maarufu la marumaru nyeupe, Taj Mahal, na moshi wa viwanda ulikuwa unalichafua. Mwaka 1996 Mahakama Kuu ya India iliamuru viwanda vya eneo lile viache makaa ya mawe na kutumia gesi, au vihame. Matanuru ya Firozabad yakageuzwa kutumia gesi, na bangili zinatengenezwa hata leo. Lakini fikirini: palikuwa na gesi iliyoletwa kwa mabomba. Kwetu kuna mitambo ya umeme kwenye maporomoko ya mto Tshopo, iliyojengwa katika miaka ya 1950. Umeme wake haujatosha mji uliokua hivi, na mama anayepikia umeme leo huenda kesho asiupate. Mtu akisema makala yaachwe, aonyeshe na moto wa kuyarithi.

Maana makala hayaendi jikoni tu. Tulipowaacha mafundi wa viti tukawakuta mafundi wa sufuria. Wanaokota vipande vya mashini zilizokufa, mikebe na sufuria kuukuu za aluminiamu, wanaviyeyusha kwa moto wa makala unaopulizwa kwa nguvu. Aluminiamu inayeyuka kwenye digrii 660. Wamekandamiza sufuria ya mfano ndani ya mchanga wenye unyevu, wakaitoa polepole, nafasi yake ikabaki. Humo wanamimina aluminiamu ya moto kama maziwa. Ni kazi nzuri kutazama kwa mbali. Fundi mwenye akili hachanganyi vipande vya betri, kwa sababu vina risasi, na risasi ni sumu inayoingia katika chakula, tena inawadhuru zaidi watoto.

Hata Wagenia, ambao wageni wote wanawapiga picha, hawafanyi kazi ya maji tu. Kwenye poromoko la mwisho kati ya yale saba ya Boyoma, wanasimamisha miti mikubwa katika matundu ya mawe, wanaifunga kwa kamba za msituni bila msumari, na kutoka hapo wanashusha vikapu vikubwa mfano wa faneli. Nguvu ya maji inamsukuma samaki ndani, na nguvu hiyohiyo inamzuia kutoka. Stanley alipopita maporomoko hayo mwaka 1877, wavuvi walikuwapo. Lakini miti inaoza, kamba zinakatika, maji makubwa yanabomoa. Kila mara inatakiwa miti mipya na kamba mpya. Kutoka wapi? Mnajua sasa.

Wazazi wenu wanakumbuka wakati ambapo mikono hii ilikuwa karibu kila kitu. Toka mwaka 1998 mpaka 2003, wakati wa vita, njia ya mto kwenda Kinshasa, zaidi ya kilometa 1700, ilifungwa. Mwezi wa Juni 2000 majeshi mawili ya kigeni, ya Rwanda na ya Uganda, yalipigana siku sita ndani ya mji wetu, na watu wengi walikufa. Sabuni, chumvi, nguo, vyote vikawa shida. Watu wakapakia mawese na bidhaa kwenye baiskeli, wakasukuma mamia ya kilometa. Mafundi wakatengeneza walichoweza kwa walichonacho. Baiskeli za kubeba abiria, toleka, zikajaa barabarani. Leo pikipiki zimezipunguza.

Hesabu ya kiti

Tuliporudi darasani niliandika ubaoni hesabu ifuatayo. Ni hesabu ya ubaoni, si bei ya soko.

Tuseme kiti kimoja kimeuzwa faranga 40 000. Misumari, vanishi na makala ya kupindia: 7 000. Kekele iliyofika mjini: 9 000. Katika hizo 9 000, mwenye baiskeli amechukua 4 000. Mkata kekele amepata ngapi? Fundi amebaki na ngapi kwa siku mbili, yeye na mwanafunzi wake?

Walihesabu upesi: mkataji 5 000, fundi 24 000. Darasa likachafuka. Mvulana mmoja alisimama akasema si haki, Mzee aliumwa na siafu na amepata kidogo kuliko fundi, aongezewe. Wengi wakapiga makofi. Lakini mwingine, ambaye baba yake ni fundi, akasimama naye: « Kekele ikipanda bei, kiti kitapanda bei, na mnunuzi atakwenda kununua kiti cha plastiki. Hapo Mzee atamwuzia nani? » Hakuna aliyepiga makofi, lakini hakuna aliyeweza kumjibu.

Msichana wa macho makali alikuwa bado anaandika. Mwishowe akasema: « Frère, hesabu yako imepungukiwa. Hukuandika kwamba Mzee zamani alitembea saa moja na sasa anatembea nusu ya siku. Hiyo iandikwe kwenye mstari gani? »

Nilimpa chaki. Alikaa mbele ya ubao muda mrefu, kisha akachora mstari chini ya 5 000, akaandika « njia », na mbele yake akaacha nafasi tupu.

Kazi

1. Chagueni kitu kimoja nyumbani kilichofanywa kwa mikono: mchi, kikapu, sufuria, mtumbwi. Waulizeni wazazi kimetoka wapi, na mhesabu mikono iliyokigusa.

2. Kwa nini mkata kekele aliacha machipukizi matatu? Jibuni kwa maneno yenu, si kwa maneno ya Mzee.

3. Chukueni hesabu ya kiti. Jazeni ile nafasi tupu kama mnavyoona inafaa, kisha mfanye hesabu upya. Mseme ni nani atakayelipa.